Kijiko cha Mwonjaji: Historia ya Ladha ya Kahawa ya Umatengo

Wilaya ya Mbinga, iliyoko kusini-magharibi mwa Mkoa wa Ruvuma, imekaa juu ya milima ya Umatengo, ambayo upande wake wa magharibi huteremka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, eneo ambalo tangu 2012 limekuwa wilaya ya peke yake yenye makao yake Mbamba Bay. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali mashamba mengi ya milimani yako kati ya mita 1,300 na 1,900, kiasi kwamba mtu anayepanda kutoka ufukweni hadi Mbinga huacha nyuma yake joto, mihogo na vyanja vya usipa, akaingia kwenye ukungu, maharage na migomba. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo iliyoamua zao gani listawi wapi, kwa sababu mbuni wa aina ya arabika hauvumilii joto la ufukweni, na tunda lake likiiva polepole katika baridi ya mlimani hujaza mbegu yake sukari na asidi ambazo baadaye hutambulika mdomoni.

Kahawa hiyo hulinganishwa mara kwa mara na mvinyo mwekundu, na mlinganisho huo una msingi. Yote mawili hutokana na tunda jekundu linalochumwa likiwa limeiva, yote mawili hupitia hatua ya kuvundikwa, yote mawili huhifadhiwa kabla ya kuuzwa, mara nyingi huchanganywa na mazao ya mashamba mengine, na mwishowe thamani yake huamuliwa na ulimi wa binadamu. Hata hivyo katika nchi zenye sifa ya mvinyo, mwenye shamba la mizabibu kwa kawaida huonja alichokitengeneza kabla ya mnunuzi kukionja, na kwa muda wa miongo mingi mkulima wa Mbinga hakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo historia ya ladha ya kahawa ya Umatengo ni pia historia ya kijiko cha kuonjea, yaani nani alikishika, wapi, na kwa faida ya nani.

Mashimo, ntambo na sengu

Kabla ya kahawa, Wamatengo walikuwa wamekwisha kujifunza kuishi kwenye miteremko mikali. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni, ambao mababu zao walivuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini mwa Afrika, yaliwasukuma watu wengi wa eneo hili kwenye vilele vya milima, mahali ambapo ardhi ilikuwa chache na mvua ilikuwa nyingi. Huko waliendeleza kilimo cha ngolo, ambapo nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana kama miraba ya mkeka, kisha udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba hufunika nyasi hizo, hata mlima mzima ukaonekana umejaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua inaponyesha, maji hutuama ndani ya mashimo badala ya kuporomosha udongo, nyasi huoza na kuwa mbolea, na juu ya matuta hupandwa maharage na baadaye mahindi.

Ardhi yenyewe iligawanywa kwa ntambo, yaani kipande cha mlima kilichoko kati ya vijito viwili, ambacho kwa kawaida kilikaliwa na ukoo mmoja. Wanaume wa ukoo walikuwa na desturi iitwayo sengu, ya kula pamoja nyumbani kwa mzee wao, na katika mlo huo ndipo migogoro ilipoamuliwa, kazi za msimu zikapangwa na vijana wakafundwa. Chakula kililiwa na watu wote waliohusika na uamuzi, na uamuzi ulitolewa na watu waliokula pamoja. Jambo hili lina uzito katika historia inayofuata, kwa kuwa zao jipya lililokuja lilivunja uhusiano huo kati ya kuonja na kuamua.

Divai ya misa na mche wa mbuni

Mvinyo uliingia Ruvuma kwa njia ya ibada. Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka uliofuata, na ufukweni mwa ziwa Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza walikuwa wakihudumu kutokea kisiwa cha Likoma kwa meli zao. Kanisa Katoliki hutaka divai ya misa iwe imetengenezwa kwa zabibu, nazo zabibu hazikuwa zao la milima hii, kwa kuwa mvua ya Umatengo, inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, huleta ukungu unaoozesha vichala. Tanzania ilipopata hatimaye mizabibu yake, ilikuwa Dodoma, kwenye ukame wa nyanda za kati, ambako wamisionari wa Kiitaliano walipanda zabibu katika misheni ya Bihawana mwaka 1957, na ambako aina nyekundu iitwayo Makutupora imekuwa msingi wa mvinyo wa nchi. Mvua iliyoikataa zabibu Umatengo ndiyo iliyoikaribisha kahawa.

Miche ya mibuni ilianza kuenea Umatengo katika miaka ya 1920, kwa kuungwa mkono na watawala wenyeji waliokuwa wakitafuta njia ya watu wao kulipa kodi bila kuhama. Sababu hiyo haikuwa ndogo. Sehemu kubwa ya eneo la Songea, ambalo Umatengo ulikuwa chini yake kiutawala, ilikuwa imegeuzwa hazina ya vibarua, na vijana walitembea mamia ya kilomita kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wengine wasirudi. Familia iliyokuwa na mibuni mia chache nyuma ya nyumba iliweza kulipa kodi, kununua nguo na kusomesha mtoto huku baba akiwa nyumbani. Mbuni ulipandwa karibu na makazi, kwenye sehemu za chini za ntambo zenye kivuli cha migomba, na ngolo zikaachwa ziendelee kutoa chakula, hivyo zao la fedha na zao la tumbo vikakaa pamoja juu ya mlima mmoja bila kunyang'anyana nafasi.

Mwaka 1936 ulianzishwa muungano wa ushirika wa Wangoni na Wamatengo, uliojulikana kama NGOMAT, ambao ulishughulikia tumbaku ya Songea na pia kahawa ya milimani. Ulifuata nyayo za Wachaga wa Kilimanjaro, waliounda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925 na kukigeuza kuwa muungano wa ushirika, KNCU, mwaka 1933. Ushirika uliwapa wakulima mizani waliyoweza kuiamini na njia ya kufikisha mzigo sokoni, na mambo hayo mawili yalikuwa na thamani kubwa. Kuonja, hata hivyo, kuliendelea kufanyika mbali, kwa wataalamu wa Moshi na wa ng'ambo.

Kuvundika, kukausha na kulaza

Ladha ya kahawa huweza kuongezwa au kuharibiwa katika siku chache za baada ya kuchuma, na siku hizo ziko mikononi mwa mkulima. Kusini mwa Tanzania uvunaji huanza karibu na Mei na kuendelea katika miezi ya baridi. Matunda mekundu pekee ndiyo yanayotakiwa, kwa sababu tunda bichi huleta ukakasi na lililopitiliza huleta ladha ya kuoza, na siku ileile ya kuchumwa yanapaswa kumenywa kwa mashine inayotenganisha nyama ya tunda na mbegu. Mbegu inayotoka imevikwa ute mtamu unaoteleza, ambao hauondoki kwa maji peke yake, na ndiyo maana huwekwa kwenye pipa au tangi ili hamira za asili na bakteria wale sukari ya ute huo. Hatua hii ndiyo iitwayo kuvundika, nayo ni ndugu wa karibu wa kuchachua zabibu, ingawa kwa zabibu kinachotafutwa ni kileo na kwa kahawa ni usafi wa mbegu.

Kuvundika huchukua kati ya saa 12 na saa 48, na katika baridi ya Juni na Julai huko milimani huweza kuchelewa zaidi. Saa ya ukutani haitoshi kuamua. Mkulima hutumbukiza mkono ndani ya pipa, huchota konzi ya mbegu, huisuuza na kuisugua kati ya viganja. Mbegu zikiteleza kama sabuni huzirudisha, na zikikwaruzana kwa sauti kavu ya changarawe hujua kwamba ute umekwisha na kwamba kila saa inayoongezeka kuanzia hapo ni hasara. Mbegu iliyoachwa kupita kiasi hubeba harufu ya uvundo ambayo haionekani kwa macho lakini hujitokeza kikombeni, na mbegu chache za namna hiyo zinatosha kuchafua gunia zima.

Baada ya kuoshwa, mbegu hutandazwa juu ya vichanja, hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa jua linapokuwa kali na usiku umande unaposhuka, mpaka unyevu wake ushuke kutoka zaidi ya asilimia 50 hadi kati ya 11 na 12. Kisha huhifadhiwa ghalani kwa wiki kadhaa ikiwa bado ndani ya ganda lake la ndani, ili unyevu uliobaki usawazike katika mbegu zote kabla ya kukobolewa.

Hapa ndipo kahawa na mvinyo mwekundu hutengana njia. Mvinyo mwekundu mzito wa California, ambao mara nyingi huchanganya zabibu za Cabernet Sauvignon, Zinfandel na Petite Sirah, huwa mkali mdomoni ukiwa mchanga kwa sababu ya tanini, yaani kemikali za maganda na kokwa zinazokausha ulimi kama ndizi mbichi. Ukilazwa katika mapipa ya mwaloni na baadaye ndani ya chupa, hewa kidogo inayopenya huzifanya tanini zishikamane na kulainika, na wakati huohuo harufu ya matunda mabichi hugeuka kuwa ya matunda makavu, ngozi na tumbaku. Mbegu ya kahawa haipati neema hiyo ya umri. Baada ya mwaka mmoja hivi uchachu wake hufifia, utamu huondoka, na waonjaji huanza kuandika kwamba kikombe kina ladha ya gunia au ya ubao. Ipo kahawa ya pwani ya Malabar, nchini India, ambayo hulazwa kwa makusudi katika upepo wa kusi wenye unyevu hadi ikavimba na kupoteza uchachu, lakini huo ni upendeleo wa soko dogo.

Kwa sababu hiyo, umbali wa Mbinga umekuwa daima sehemu ya ladha yake. Mnada ulikuwa Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Umatengo, na hadi barabara ya Makambako–Songea ilipowekewa lami katika miaka ya 1980, lori lililokwama matopeni wakati wa masika lilikuwa likizeesha kahawa iliyokuwa imetengenezwa vizuri. Kujengwa kwa kiwanda cha kukobolea kahawa mjini Mbinga kulipunguza mwendo wa hatua moja, kwa kuwa mbegu iliweza kukobolewa, kuchambuliwa kwa ukubwa na kupangwa kwa madaraja karibu na ilikolimwa.

Kijiko cha San Francisco

Mbinu ya kupima kahawa kwa kuionja, badala ya kuitazama tu, ilipata nguvu mwishoni mwa karne ya 19 huko San Francisco, jiji la California lililo jirani na mabonde ya zabibu ya Napa na Sonoma. Kabla ya hapo wanunuzi waliamini kwamba mbegu kubwa na yenye rangi nzuri ndiyo bora, na dalali Clarence Bickford ni miongoni mwa waliowaonyesha kwamba mbegu ndogo za milimani zingeweza kuzishinda kubwa zikifika kikombeni.

Utaratibu wa sasa ni wa kawaida duniani kote. Mbegu hukaangwa kidogo tu ili moto usifunike asili yake, husagwa, na gramu 8.25 za unga huwekwa katika kikombe kwa kila mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Kwa dakika nne unga huelea juu na kufanya utando; mwonjaji huinamisha pua hadi karibu kugusa kikombe, huupasua utando kwa mgongo wa kijiko na kuvuta mvuke unaotoka, kwani harufu hiyo hupatikana mara moja tu. Halafu huchota kijiko na kukivuta kwa kishindo ili kioevu kitawanyike mdomoni kote, hukisikiliza, hukitema, na kuandika alama za uchachu, uzito, utamu, usafi na ladha inayobaki. Kahawa inayofikia alama 80 kati ya 100 huhesabiwa kuwa ya daraja maalumu na huweza kudai bei yake yenyewe.

Maneno ya waonjaji hao yameazimwa kwa kiasi kikubwa kwenye mvinyo. Mwaka 1984 mtafiti Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo, na mwaka 1995 wafanyabiashara wa kahawa maalumu wa Marekani wakatoa gurudumu lao, lililofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016. Magurudumu hayo yamejaa matunda ya nchi za baridi ambayo mkulima wa Umatengo hajawahi kuyaona, ingawa yeye pia ana hazina yake ya kufananishia, kuanzia masuku ya porini hadi miwa, mapera na asali ya misituni. Ulimi wake hauna upungufu wowote. Kilichokosekana ni meza ambayo maneno yake yangesikilizwa.

Mei 1976

Mwezi Mei 1976 ulibeba matukio mawili yasiyojuana. Tarehe 24 mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha waamuzi wa Kifaransa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha chupa, na kwa upande wa mvinyo mwekundu alama za juu zilikwenda kwa Stag's Leap Wine Cellars ya bonde la Napa, mavuno ya 1973. Mvinyo uliodharauliwa kwa jina la mahali ulipotoka ulishinda mara jina lilipofichwa, na baada ya ushindi huo jina lenyewe likawa mali.

Siku kumi kabla ya hapo, nchini Tanzania, miungano ya ushirika ilivunjwa na serikali, na ununuzi wa mazao ukahamia vijijini na kwa mamlaka za mazao, ikiwamo ile ya kahawa. Mamlaka ilichukua mzigo, ikauchanganya na wa wengine, ikauuza, na mkulima akalipwa kwa mafungu yaliyofika kwa kuchelewa, pasipo taarifa ya alama ambazo kahawa yake ilipata. Miungano iliporudishwa kwa sheria ya 1982, Mbinga ilipata hatimaye chama kikuu chake, MBICU, ambacho kiliwakopesha wakulima mbolea na dawa na kukata deni wakati wa mauzo. Kiliporomoka katikati ya miaka ya 1990, muda mfupi baada ya biashara kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Dawa zilipokosekana, ugonjwa wa chule buni na kutu ya majani ulikula mibuni; wanunuzi waliopita vijijini na fedha taslimu walilipa bei moja kwa nzuri na mbaya, na mkulima aliyekuwa akikesha akifunika vichanja aliona kwamba kukesha hakuongezi hata senti. Familia nyingi zilitafuta riziki kwa kufyeka miombo ya nyanda za chini na kupanda mahindi.

Wakati huohuo kahawa hii ilikuwa ikinywewa kwa jina la mlima mwingine. Nchini Japani, mojawapo ya masoko makubwa ya arabika ya Tanzania, kanuni za wafanyabiashara huruhusu arabika yote ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iitwe Kilimanjaro. Jina hilo limewasaidia wakulima wote kupata soko, lakini limeifanya Mbinga kuwa kama zabibu iliyomo ndani ya mchanganyiko wa mvinyo, inayotoa uzito wa kinywaji huku lebo ikitaja shamba la jirani.

Kijiko kinaporudi mlimani

Mabadiliko yaliyofuata yalianza kwenye mche. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye makao Lyamungo, Kilimanjaro, ina kituo chake Ugano, wilayani Mbinga, na tangu 2005 imetoa aina chotara zinazostahimili chule buni na kutu ya majani, zilizopitishwa baada ya kupimwa mavuno yake na ladha yake pia. Vikundi vya wakulima vilijenga mitambo ya pamoja ya kumenya na kuvundika, ili matunda ya watu wengi yapitie mikono iliyofundishwa na maji yaliyo safi, na kufikia 2018 serikali ilielekeza kahawa yote ikusanywe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Baadaye minada ilisogezwa hadi kanda za wakulima, Mbinga ikiwamo, na hivyo mzigo ukaweza kuonjwa na kupewa bei ndani ya milima uliyotoka.

Katika miaka hiyohiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao kutoka Japani waliofanya kazi katika kijiji cha Kindimba walikuta kwamba wanakijiji waliifufua sengu kama kamati ya kusimamia maendeleo yao, wakiipa desturi ya kale kazi mpya. Ufufuo huo unaonyesha kinachokosekana bado katika safari ya kahawa. Mnada uliosogea karibu humpa mkulima bei haraka zaidi, lakini bei bila kuonja ni hukumu isiyo na maelezo, na wakulima wengi wa arabika hunywa chai, wakiijua kahawa yao kwa uzito wa gunia tu. Mkulima anayekaa mezani akavuta kijiko cha kahawa yake mwenyewe, akautambua uvundo wa pipa lililoachwa saa sita zaidi na utamu wa matunda yaliyochaguliwa mekundu pekee, huondoka akiwa na sababu ya kurudi usiku kufunika vichanja, na pia na hoja ya kumpinga mnunuzi. Meza ya namna hiyo haitakuwa ngeni Umatengo, kwa kuwa wazee wa ntambo walikuwa wakiketi kuizunguka tangu zamani, wakila kwanza na kuamua baadaye.